Kusoma Mabaragumu ya Mozart Bila Kutoka Jasho

Umekaa kwenye piano, nota za simfoni ziko mbele yako, watu wamekukodolea macho, na mstari wa mabaragumu haupatani na violini hata kidogo. Usihofu, ndugu yangu. Kazi hii ina njia zake za panya.

1. Usiulize. Anayeuliza ameshajianika. Baragumu la karne ya 18 halikuwa na vali. Mpulizaji alichomeka bomba la ziada, refu au fupi, na sauti yote ikahama. Yeye aliandikiwa kana kwamba kila wimbo uko kwenye C. Kama umeimba kwaya kwa do-re-mi, umeshamaliza masomo: anasoma do, bomba ndilo linaloamua do ikae wapi. Siri hii usiigawe ovyo, utaonekana mtu wa kawaida.

2. Kariri hili moja. Ukiona C, kinacholia ni jina la baragumu, tena chini yake. Baragumu la F: inalia F ya chini. La D: D ya chini. La C lenyewe kwa kawaida hushuka oktava nzima, na hapo ndipo wajuaji wengi huumbuka.

3. Ukikutana na "B", furahi. Kwa Wajerumani hiyo ni B flati. Katika Simfoni ya 40 ya Mozart (1788) baragumu moja ni la B hiyo, la pili ni la G. Sasa, B ya juu inashuka hatua moja tu, B ya chini inaongeza oktava, na mtunzi Haydn mara nyingi hakusema anataka ipi. Wataalamu wanabishana. Chagua yoyote, kunja uso, sema, "Hapa pana mjadala." Hakuna atakayekugusa.

4. Ufunguo wa besi upite haraka. Kwa desturi ya zamani, nota zake ziliandikwa oktava moja chini mno, kwa hiyo zinapanda badala ya kushuka. Zipige kwa sauti ndogo kwa mkono wa kushoto, selo zitakusitiri.

5. Usimkosoe mpulizaji kamwe. Kwenye mazoezi ya simfoni ya Beethoven iitwayo "Eroica", mwanafunzi wake Ferdinand Ries alidhani baragumu limeingia mapema, akalisema kwa sauti. Kumbe Beethoven ndivyo alivyoandika, na Ries mwenyewe alisimulia kwamba nusura azabwe kibao. Wewe sikia kosa, tikisa kichwa kwa kuridhika. Likiwa kosa kweli, mpulizaji atakununulia soda.