Sifa za Bipu

Kanga imesifiwa. Jahazi limesifiwa, mnazi umesifiwa hadi kifuu chake, na harusini nimesikia bwana harusi akisifiwa kwa adabu ambayo mama yake mzazi alikuwa bado anaitafuta. Leo naomba nafasi niisifu ambayo haijawahi kupewa hata kiti cha plastiki: bipu.

Kwa waliozaliwa wakalikuta bando, nieleze. Unapiga namba ya mtu, unaiacha iite mara moja, unakata kabla hajapokea. Basi. Kwake linabaki jina lako kwenye kioo. Kwako salio linabaki kama lilivyokuwa, kwa sababu mtandao huanza kuhesabu pesa simu inapopokewa, si inapoita. Waliopanga utaratibu huo walidhani wanamtendea haki mteja aliyekosa mtu wa kuongea naye. Hawakujua wamewafungulia Waswahili mlango wa uani.

Ukoo wake ni wa heshima. Babu zetu walipeleka simu ya maandishi kupitia posta, na malipo yalikuwa kwa neno. Mtu ambaye salamu yake peke yake huanzia uwanjani ikaishia kwenye kikombe cha pili cha chai, alilazimika kujibana: BABA MGONJWA NJOO. Hakuna hodi, hakuna habari za huko. Neno lenyewe simu tulilitoa kwa Waajemi, na maana yake ni waya. Sasa akaja mjukuu mwenye simu isiyo na waya, akapeleka habari isiyo na neno, na asilipe hata senti. Mnataka maendeleo gani mengine?

Enzi yake ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya 2000. Vodacom ilikuwa imeanza huduma Tanzania mwaka 2000, Celtel ikafuata 2001, Nokia 3310 zikaanza kuning'inia mikandani, na kucha za watu zikawa nyeusi kwa kukwangua vocha. Simu ilitufikia kabla ya pesa ya kuitumia. Ulikuwa nayo kama mtu mwenye gari lisilo na mafuta: unalifuta vumbi, unaegemea mlango, majirani wanaona. Bipu ndiyo iliyolisukuma hadi barabarani.

Nilisoma Morogoro, nyumbani ni Lushoto. Basi liliondoka saa kumi na mbili alfajiri, na mama alibaki na saa ya ukutani na simu ambayo ilishika mtandao sehemu moja tu, juu ya jiwe nyuma ya zizi la mbuzi. Saa tatu nabipu: mama anajua niko Segera. Karibu saa sita nabipu: Chalinze, na bila shaka nanunua kitu alichonikataza nisinunue. Saa saba na nusu nabipu: nimefika. Bipu zote tatu zilikuwa na mlio mmoja, hazina tofauti hata chembe. Maana yake ilikuwa ndani ya ile saa ya ukutani na ndani ya kichwa cha mama, ambaye hajawahi kufika Chalinze lakini angeweza kumwelekeza dereva. Siku moja basi liliharibika njiani nikachelewa kubipu kwa saa mbili. Nilipobipu hatimaye, ile ya Chalinze, alinibipu na yeye mara nne mfululizo. Mara nne haikuwa kwenye makubaliano yetu. Nilielewa kila neno, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Wasioijua huidhania bipu kuwa haina adabu. Hakuna chombo kilichokuwa na itifaki kama hii, pengine Ikulu tu. Mdogo humbipu mkubwa. Mkubwa akimbipu mdogo, ukoo mzima huitana kikao. Mwajiriwa hambipu bosi. Kijana anayemtaka msichana akimbipu, aanze kutafuta mwingine. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, alilichunguza jambo hili Rwanda, na mwaka 2007 akachapisha makala nzima juu ya kanuni za kubipu: kwamba mwenye uwezo ndiye anayetarajiwa kupiga, na kwamba mchumba hubembelezwa kwa simu iliyolipiwa. Tulikuwa tunayajua yote hayo. Ila sisi hakuna aliyetulipa.

Mimi niligundua kuwa nimepata kazi siku shangazi aliponibipu kwa mara ya kwanza. Barua ya ajira nilikuwa nayo wiki nzima, lakini barua ni karatasi. Shangazi huyu alikuwa akinipigia tangu niko shule, kwa pesa yake ya vitunguu, kuniuliza kama nimekula. Jioni ile simu ikaita mara moja, ikakatika, jina lake likabaki kwenye kioo. Nilisimama. Nilikuwa nimepandishwa cheo. Wakafuata wajomba, binamu wa Tanga, mzee mmoja ambaye hadi leo sijui tuna udugu wa upande gani. Kufika mwisho wa mwezi nilikuwa nabipiwa na watu ambao hata harusini hawangenitambua. Miaka mitatu baadaye ofisi ikafunga milango. Sikumwambia mtu. Ndani ya wiki mbili bipu zikaisha, moja moja kama taa za mtaa, kisha usiku mmoja simu ikaita mara mbili, mara tatu, mara nne, haikatiki. Shangazi. "Mwanangu, umekula?" Sijawahi kudharauliwa kwa upendo kiasi kile.

Ilikuwa pia michezo. Walikuwepo wadakaji. Bwenini kwetu kijana mmoja alilala dole gumba likiwa juu ya kitufe cha kijani, kama golikipa anayesubiri penalti, na malipo ya sekunde yalikuwa bado hayajazoeleka: ukidakwa kwa kufumba na kufumbua, unakatwa dakika nzima. Hakuwa na la kukwambia. Alidaka, akasema "Haloo," akacheka, vocha yako ikawa marehemu. Ndipo tulipojifunza kukata mapema zaidi, kabla mlio haujakamilika, kwa kusikiliza ile pumzi ndogo ya mtandao kabla simu ya mwenzio haijaita. Kuna wapiga gitaa wasio na sikio hilo.

Wapo wanaoishtaki. Wanasema iliamsha watu usiku. Ni kweli, na wengi wao walikuwa wameacha jiko linawaka. Wanasema ilitufanya ombaomba. Ombaomba gani anayegonga mlango mara moja kisha akakimbia? Bipu iliomba bila kunyoosha mkono, na ukiulizwa ulikuwa na jibu lililosimama wima: "Nilikuwa nakupigia, ikakatika." Kampuni za simu, zilipoona wateja wanaongea kutwa nzima bila kulipa, zikatoa ujumbe wa bure wa kuomba kupigiwa. Waliuita msaada. Mimi nauita uporaji, na tena uporaji usio na haya, kwa sababu kumwandikia mtu akupigie ni kukiri umaskini kwa maandishi. Bipu haikuacha ushahidi.

Na ikatuachia lugha. Mtu akikuchokoza barabarani unamwambia, "Usinibipu, nitakupigia," na anaelewa hata kama mfukoni hana simu. Mvua ikidondosha matone matatu ikaondoka, kwetu imebipu. Najua wabunge waliokaa miaka mitano bungeni bila kuiachia lugha hata kitenzi kimoja.

Mwanangu ana miaka kumi na mitano. Ana bando la wiki, ana kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu themanini na kitu, ambamo maua ya asubuhi njema huanza kumiminika kabla jogoo hajasafisha koo. Shangazi yuleyule siku hizi hutuma sauti ya dakika saba kueleza kwamba hana jipya. Nikimuuliza kijana yuko wapi, ananitumia ramani yenye nukta ya buluu. Ramani haikosei. Nimeitazama mara nyingi ile nukta, na bado nikampigia kumuuliza yuko wapi.

Juzi saa tatu usiku tumekaa mezani, simu yangu ikaita mara moja, ikanyamaza.

"Bibi kakosea kubonyeza," mwanangu akasema bila kuinua uso.

Hakukosea. Tumemnunulia simu ya kugusa, tunamlipia dakika za kila mwezi, mtandao siku hizi unafika hadi kitandani kwake. Lakini saa tatu mbuzi wameingia, mlango umetiwa komeo, na anayetaka kujua kama mama amelala salama amekwisha kujulishwa. Nilimweleza kijana. Akaniuliza kwa nini asiandike tu. Sikuwa na jibu zuri, basi nikachukua simu nimwonyeshe namna mtu mzima anavyojibu: mara moja, unakata. Nikapiga. Nikasikiliza ile pumzi ndogo. Kidole kilikuwa tayari, lakini nilikuwa nimekaa miaka mingi bila mazoezi.

"Nimekudaka!" mama akasema, akacheka hadi akakohoa.

Dakika thelathini na mbili, na salio ni langu.