Kigae Kisicho Namba

Kila Jumatatu alfajiri, kabla mama wa mahamri hajaosha karai lake, mimi huwa nimeshafika mlangoni kwake na ndoo tupu. Wateja wenzangu huja na sahani. Siku ya kwanza alidhani nimefuata mahamri yaliyolala, akanionea huruma. Nilipomwambia nataka jivu, huruma ikazidi.

"Mwalimu, mambo nyumbani yamekuwa magumu kiasi hicho?"

Jivu lile nalipaka kwenye vyombo vya udongo. Jivu la kuni lina chokaa na ukali kama wa magadi, na ukilichanganya na felspa na udongo mweupe, kisha ukalichoma kwa joto la nyuzi 1,240, huyeyuka likawa kioo juu ya chombo. Kioo hicho sisi wa karakana twakiita glezi. Kipimo cha kuanzia ni chepesi kuliko cha chapati: jivu 40, felspa 40, udongo mweupe 20. Laiti ningeishia hapo.

Maradhi yangu niliyapata Fort Jesus. Nilikuwa namtembeza mgeni kutoka bara, tukafika penye vyombo vya Kichina, na hapo nikaganda mbele ya bakuli moja la kijani. Si kijani cha majani. Ni kijani cha maji ya bahari asubuhi, yanapoanza kujaa juu ya mchanga. Vyombo vya namna ile vilitengenezwa Longquan, huko China, na vipande vyake vimefukuliwa hapa hapa kwetu, Gedi. Mgeni akaenda zake kutazama mizinga. Mimi nikabaki na bakuli mpaka askari akaja kusimama karibu yangu.

Nikarudi nyumbani nikasoma. Kumbe kijani kile hakitoki kwenye shaba, chatoka kwenye chuma: gramu 1 au 2 tu katika kila gramu 100 za glezi. Kutu! Nikacheka peke yangu. Mtu anayeishi Mombasa aliwahi kukosa kutu? Mlango wangu wa uani pekee ungetosha kupaka vyombo vya mtaa mzima.

Ukurasa uliofuata sikuusoma. Huo ndio ulioeleza kwamba moto wenyewe lazima unyimwe hewa, uhangaike, uwe wa moshi moshi, ndipo chuma kigeuke kijani. Tanuri ninalokodi ni la umeme. Limejaa hewa, na chuma kikishiba hewa hutoa rangi ya kahawia.

Basi nikakata vigae 24 vidogo, kila kimoja na mchanganyiko wake: hiki jivu limezidi, kile kutu imepungua, kingine felspa nimeongeza kwa kiburi tu. Nikaviandika namba mgongoni kwa kalamu ya wino, ile iliyoandikwa ubavuni kwamba wino wake haufutiki. Kwenye daftari nikapanga kila kitu kwa mistari, mwandiko safi, kama mwanafunzi anayemwogopa mkaguzi.

Tanuri likawaka mchana kutwa, likapoa usiku kucha na asubuhi yake. Nilipofungua mlango vigae vilikuwa bado vinalia ting, ting, ting, maana glezi ikinywea kuliko udongo hupasuka nyufa za unywele. Nikavitoa kimoja kimoja. Chai ya rangi. Sukari guru. Mchuzi wa ukwaju. Halua, tena halua nzuri ya kung'aa, ila sikuchoma halua. Vigae 23 vyote vya kahawia.

Cha 24 kilikuwa kijani.

Kijani chenyewe! Maji yakijaa! Nilipiga ukelele, mwenye tanuri akaja mbio akidhani nimeungua. Nikakigeuza nisome namba yake. Mgongo mweupe pe. Nikageuza cha pili, cha tatu, vyote. Wino usiofutika ulikuwa umefutika zamani, kabla hata tanuri halijawa jekundu.

Nikampelekea shangazi vigae vyote, maana jambo kama lile huwezi kulibeba peke yako. Akavipanga mkekani, akavaa miwani.

"Mwanangu, hivi vyote si vimoja?"

"Shangazi, tazama hiki."

"Hiki kimeungua," akasema.

Nikamweleza habari za Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi, ambaye vyungu vyake vimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Nilitaka ajue kuwa ufinyanzi ni kazi ya heshima. Akauliza yeye hupaka jivu gani. Ikanibidi nikiri kwamba hapaki glezi kabisa, husugua udongo mpaka ung'ae, kisha ndipo akauchoma.

"Basi na wewe sugua," akasema shangazi, akaondoka kwenda kutazama wali wake.

Sikusugua. Nilirudia michanganyiko yote 24, safari hii namba nikazikwangua kwa msumari udongo ukiwa bado mbichi. Nikaenda kwa mama wa mahamri, nikajaza ndoo, nikapima kwa mzani uleule, daftari lilelile. Tulipofungua tanuri, glezi ilikuwa imetiririka kama asali, imeshuka kwenye vigae, imeshika rafu ya tanuri na kuwa kitu kimoja nayo. Namba zilisomeka vizuri sana, kwenye vile vilivyobahatika kubanduka kwa patasi. Rafu nililipa mimi.

Jumatatu nikamkabili mama wa mahamri. Je, amebadilisha kuni? Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa siri ya ndoa yake. Zamani alikuwa akipikia mvinje. Mvinje umepanda bei, sasa anachochea kwa makumbi ya nazi, na jivu la makumbi lina ukali mwingi unaoyeyusha glezi upesi. Tangu lini? Hakumbuki. Labda kabla ya Maulidi, labda baada.

Mwenye tanuri naye ana dhana yake, nayo yaniuma zaidi. Asema kijani kile si cha chuma hata kidogo. Siku ile nilichujia glezi kwa chekeche lake bila kuliosha, naye usiku wake alikuwa amechuja rangi ya shaba. Kwa maneno mengine, kazi yangu nzuri kuliko zote ni uchafu.

Kigae chenyewe anacho shangazi. Anakiwekea chetezo cha udi, na upande mmoja umeshaanza kugeuka kahawia.