Sifa za Kiwanda Kigeugeu

Uaminifu umekwisha kusifiwa na wanavyuoni na washairi hata umekinai, wala si insafu kuuacha ukigeugeu bila mstari mmoja wa taadhima. Nami sioni mstahiki mkubwa zaidi kuliko British Leyland, kampuni ya magari iliyoundwa Uingereza mwaka 1968, ikawakusanya chini ya dari moja Austin, Morris, Rover, Triumph na Jaguar, jamaa ambao jana yake walikuwa wakishindana sokoni, na ambao, kwa dalili zote, hawakuarifiwa kuwa mashindano yamekwisha.

Tufahamiane: sisifu ubovu. Gari lililo bovu daima halina siri. Mwenyewe hulijua, akaliuza kwa wenye vyuma chakavu, akalala. Ajabu ni magari mawili ya sura moja na bei moja, la kwanza likaishi hata likamzika aliyelinunua, la pili likahitaji kusukumwa kabla halijautoka mtaa.

Tazama Triumph Stag la mwaka 1970, ambalo umbo lake zuri lilichorwa na Mtaliani Giovanni Michelotti, na ambalo injini yake ya lita tatu na silinda nane iliweza kutoka kiwandani ikiwa na mchanga wa kalibu ya kusubia uliosalia katika njia zake za maji, ilhali pampu ya maji imewekwa juu, mahali pa kwanza kukauka maji yakipungua. Rover, ndugu yake wa kampuni moja, alikuwa na injini ya silinda nane iliyokwisha kupata jina jema; lakini kumwazima kungaliwanyima wenye Stag ile ladha ya kutojua safari itaishia wapi. Aliyejaaliwa injini iliyosafishwa barabara alisafiri kwa raha zake. Mwenzake alisimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukipanda, akihitimu elimu ya gasketi na silinda hedi ambayo hakuiomba.

Austin Allegro la mwaka 1973 lilikuja na usukani usio duara wala mraba (haukudumu, masikini). Rover SD1 likatunukiwa heshima ya Gari la Mwaka la Ulaya kwa mwaka 1977, huku wanunuzi wakilalamikia rangi inayobanduka. Na aghalabu pande zote mbili zilisema kweli. Sisi wa Afrika Mashariki, tulioijua nyumba hiyo kwa Land Rover za Solihull zilizovuka matope yetu bila kunung'unika, twaweza kuwa mashahidi wa upande wake mwema, ambao bila huo sifa ya ukigeugeu isingetimia.

Hatimaye, mwaka 1975, Serikali ya Uingereza ilipoitwaa kampuni kwa fedha za umma, neema hii ikaenezwa kwa uadilifu uliokuwa haujapata kuonekana: hata mwenye baiskeli, aliyejiepusha maisha yake yote na Allegro, akawa na fungu lake.