Nimeumwa na Mbuzi

Kijana anayepitisha ndizi kwa baiskeli hapa mtaani kwetu Mabibo akiniona tu anafunga breki. Anajua. Wengine wanampita hata salamu hawampi. Mimi akishasema "mzee wangu" mara moja, mkono uko mfukoni. Ijumaa kaniambia, "Mzee wangu, namalizia mzigo. Chane tatu, elfu tatu." Kisukari, zile ndogo tamu, zimeiva mpaka zinanukia kwa mbali. Nikalipa. Soko la Mahakama ya Ndizi naweza kwenda kwa miguu nimevaa ndala, lakini mimi huyo, nimenunua barabarani na chenji nimemwachia.

Mke wangu kaenda Moshi kumwangalia mama yake. Nyumbani niko mimi na watoto wawili. Chane tatu. Piga hesabu mwenyewe.

Nikaogopa panya. Nikazifungia kwenye ndoo, mfuniko juu, tofali juu ya mfuniko. Nikalala usingizi wa mtu mwenye akiba benki. Jumapili nafungua, jamani! Nyeusi tii. Zimelegea, zinavuja, na vile viinzi vidogo vikanivaa puani. Mwalimu wa sayansi tuliyepanga naye nyumba moja akasimama mlangoni, mswaki mdomoni, akanipa somo bila kuombwa. Eti ndizi ikiiva inatoa gesi, inaitwa ethilini, na gesi hiyo inaivisha na ya jirani yake. Ukizifunika, gesi haina pa kwenda, zinaivishana zenyewe kwa zenyewe, wanga unageuka sukari. Kacheka mpaka povu la dawa likamtoka. Sasa angalieni mkosi wangu: mtungi wa jikoni umeisha gesi tangu Alhamisi. Wenye gesi nyumba hii ni ndizi.

Nikampigia mama watoto nipate ruhusa ya kutupa. "Usitupe! Pika ndizi za nazi. Rahisi mno, hata wewe utaweza."

Hata wewe. Hiyo "hata" imenikaa kooni. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia chini ya minazi. Kila Ramadhani mama alikuwa anapika ndizi za nazi za kufuturu, iliki unaisikia ukiwa barabarani. Mke wangu ni Mchaga, tui kafundishwa na mama yangu mzazi. Siku zote hizo na mimi nilikuwepo. Nilikuwa upande wa kula.

Nikanunua nazi mbili. Mbuzi ya kukunia nikaazima kwa bibi wa chumba cha uani. Alinipa huku bado kaishika. "Utaweza, baba?" Naweza, bibi. Sasa kile kibao kiko chini mno na mimi tumbo liko mbele. Nikikaa sawasawa, magoti yanagusa kidevu. Nikikaa kiupande, kibao kinabinuka. Pale bombani akina mama wameacha kuchota. Ndoo zinamwagika, hawana habari, wanaangalia sinema. Mmoja akasema, "Shemeji, unakuna nazi au unakuna kifuu?" Kweli, nazi yangu ilikuwa ya kahawia. Nyama nyeupe niliimaliza kitambo, nilikuwa nashindana na gamba. Nikageuka nimjibu. Hapo hapo meno ya mbuzi yakashika kidole.

Nikapiga ukelele ambao si wa mtu mzima. Mwanangu wa darasa la pili alikuwa na simu yangu, anaongea na bibi yake Moshi. Nikamsikia kwa masikio yangu: "Bibi, baba kaumwa na mbuzi!" Kisha salio likaisha.

Nikafunga kidole kwa kitambaa, kazi ikaendelea. Nikakamua tui la kwanza, zito. Nikatia maji tena, nikakamua la pili, jepesi. Bibi wa uani akapiga kelele kutoka dirishani: "Anza na la pili, baba! La kwanza liweke mwisho!" Nikajisemea, uzee huo. La kwanza linakuwaje la mwisho? Nikabandika la kwanza, kama jina lake lilivyo. Mkaa umekolea, moto unanguruma, mimi nikaenda kumenya ndizi. Ndizi zenyewe hazimenyeki, zinakamuliwa kama dawa ya meno. Kurudi, tui limekatika. Mafuta huku, maji kule, mabonge katikati.

Nikazitia ndizi hivyo hivyo. Sukari vikombe viwili. Iliki kiganja kizima, na maganda yake, nani alisema inatwangwa? Nikashika mwiko, nikakoroga kwa nguvu zote.

Bibi akatoka, akachungulia sufuria, akanyamaza kwanza. Halafu akaanza pole pole. Za nazi, baba, ni mzuzu, au mkono wa tembo. Ile iliyoiva ganda likawa na weusi lakini ndani bado imeshikana. Unakata vipande, unatoa ule uzi wa katikati. Unachemshia tui jepesi, na iliki, na sukari kidogo kwa sababu yenyewe ina sukari, na chembe ya chumvi. Ikilainika ndiyo unamwagia lile zito, moto mdogo, usiondoke. Na mwiko huuingizi ovyo, sufuria unaitikisa tu, zisivunjike. "Hizi kisukari za kula mkononi, baba. Nani kakutuma?"

Nani kanituma! Ndani ya sufuria ndizi haipo hata moja. Kuna uji wa rangi ya udongo.

Tukala ungali moto. Mwanangu mkubwa alikula kijiko kimoja akaomba ruhusa akasome. Mtoto huyu tangu azaliwe hajawahi kuomba kusoma. Mdogo akauliza kama ni dawa. Mimi nikala bakuli tatu, niwe mfano, iliki zinanipasukia menoni kila nikitafuna.

Usiku mama mkwe kapiga. "Pole, mkwe wangu. Huyo mbuzi ni wa nani? Wamemfunga? Alikuwa anatoa mate?"

Hapana, mama, si mbuzi huyo, hii ni ya kukunia. Mtandao ukakatakata.

"Anajikuna? Basi ana ugonjwa! Nenda ukachomwe sindano!"

Nikampa mtoto simu aeleze yeye. Akaeleza chakula badala ya kidole. Ndizi, bibi, zimekuwa nyeusi, baba kazichemsha zimekuwa uji. Hapo mama mkwe akaelewa vizuri kabisa. Nikamsikia anacheka na watu wake: "Mkwe katengeneza mbege, kasahau ulezi!"

Lakini habari ya mbuzi haikufutika. Jumapili iliyofuata mke wangu kanipigia kutoka kanisani, anabana kicheko. Jumuiya nzima imeniombea. Imetajwa kwa sauti, mkwe wa Dar aliyeumwa na mbuzi mwenye upele. Na Desemba tunapanda Moshi, kama kila mwaka, wazee wameshasema wanataka kuliona jeraha. Kidole kilipona Jumatano. Nimekitafuta alama mchana kweupe, na miwani nimevaa, hakuna.