Safari Ndefu ya Kurudi Palepale

Gari la GT lilibuniwa ili mwenye nazo avuke nchi kwa raha, masanduku yake nyuma. Le Mans, Ufaransa, wamelipatia kazi bora zaidi: linatimuliwa saa 24 mfululizo kwenye mzunguko wa kilomita 13.6. Unaondoka Jumamosi saa kumi alasiri, unafika Jumapili saa kumi alasiri. Hapohapo ulipoanzia.

Uhondo wenyewe uko kwenye daraja la magari hayo, LMGT3, lililoingia Le Mans mwaka 2024. Humo, gari likionekana lina mbio kupita wenzake, wakubwa wa mashindano huliongezea uzito au huibana injini yake, eti mambo yawe sawa. Basi busara ni kuonekana goigoi kwanza. Wahandisi waliokesha miaka wakiitafuta kasi hushukiwa kila msimu kwamba wanaificha, kama mtu anavyowaficha shemeji zake mshahara. Heko kwao; kuchelewa kwa makusudi nako ni ufundi.

Tena humo kila gari lazima liwe na dereva wa daraja la shaba, yaani asiyeishi kwa udereva. Mara nyingi huyo ndiye mlipa bili, na kanuni haziruhusu akalishwe tu pembeni apigwe picha: ana saa zake za lazima usukanini. Kwa hiyo usiku wa manane bosi anakanyaga mafuta, huku vijana weledi, wanaokula kwa jasho la akaunti yake, wamekodolea skrini macho wakimwombea arudi na vioo vyote viwili.