Majani ya Kuingiza Ndani

Duka la vyakula tunakonunua mchele, kila Septemba ikiingia, huweka mlangoni rundo la fagio zisizofagia. Ni fagio za njiti kama fagio nyingine zote, zimefungwa vizuri, ila zimelowekwa mafuta ya mdalasini hadi ukipita karibu unahisi umetumbukia kwenye birika la chai ya maziwa. Kazi yake ni kutundikwa ukutani ili nyumba inukie. Mama yangu alipofika kututembelea kutoka Newala, mke wangu alimnunulia mmoja kama zawadi ya kumkaribisha. Mama akashukuru sana. Kesho yake alfajiri, kabla mtu hajaamka, akatoka nao nje akafagia majani yote kuanzia barazani mpaka ukingo wa barabara.

Nilirudi kutoka zamu ya usiku nikakuta uwanja unang'aa, mtaa mzima unanukia mdalasini, na mke wangu amesimama dirishani kashika kichwa. Majani yale alikuwa ameyaacha makusudi.

Hapa tunapoishi, Lancaster, jimbo la Pennsylvania, msimu wa kupukutika majani ni shughuli ya kijamii. Kuanzia mwisho wa Septemba hadi Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, kila nyumba inavalishwa. Ngazini yanapangwa maboga. Kwenye nguzo za baraza yanafungwa mabua ya mahindi. Panawekwa robota la majani makavu kwa ajili ya kukalia, ambalo hakuna anayelikalia, na mvua ikilinyeshea sana linaota ngano. Mlangoni shada. Ndani, bakuli la hiki na kapu la kile, vyote kutoka porini.

Mke wangu, mtoto wa Temeke aliyekulia kwenye nyumba ya saruji na bati bila hata mpapai, ndiye aliyeshikwa na shughuli hii kuliko wenyeji. Anaamini kwamba pambo la kweli ni lile usilolinunua. Mimi naliunga mkono jambo hilo kwa sababu za kifedha. Ambalo hakuna kati yetu aliyelifikiria ni kwamba kila kitu cha porini kina wapangaji wake, na ukikihamisha wao hawabaki.

Tulianza na mabua, maana hayo hayana budi kununuliwa. Tulikwenda barabara ya mashambani, kwa Waamish, wale Wakristo wanaotembelea magari ya farasi na kuukataa umeme wa gridi. Wengi wao huweka meza kando ya njia, maboga juu yake, bei kwenye kibao na sanduku lenye tundu la kutumbukiza hela. Muuzaji hayupo. Mama alizunguka meza ile akimtafuta.

"Nani analinda?"

"Hakuna, Mama."

"Na hela?"

"Unatumbukiza mwenyewe."

Akakaa kimya, akatazama juu, kisha akatumbukiza dola moja ya ziada, kwa tahadhari. Ila alipoona bei ya mabua hakuweza kujizuia. Aliyapekua moja moja akitafuta hindi. Hakulipata. Kwao mabua ni ya mbuzi, na mbuzi wakishiba yanabaki shambani. Alinyamaza njia nzima mpaka tulipokaribia nyumbani, ndipo akasema, "Baba, nchi hii mwenye shamba hafi maskini."

Mabua yalikuja na wapangaji wa kwanza: wadudu bapa wa rangi ya kahawia, wenye umbo la ngao, wanaotembea taratibu ukutani kama wakaguzi wa majengo. Asili yao ni Asia Mashariki, na nchini Marekani waliokotwa kwa mara ya kwanza mwaka 1998 mjini Allentown, jimbo letu hili hili. Baridi ikikaribia wanatafuta nyumba ya kulala mpaka joto lirudi. Hawaumi. Ukimponda mmoja, hata hivyo, sebule nzima inanuka giligilani iliyooza, na mke wangu aliacha kuweka giligilani kwenye kachumbari kwa muda mrefu.

Kachumbari ndiyo inayonipeleka kwenye matunda ya mwaloni.

Lazima kwanza mjue kwamba Oktoba, majani yanapopukutika Pennsylvania, kule Newala ni korosho zinazodondoka. Mama alikuwa ameuacha msimu. Kila usiku alipigiwa simu kuhusu bei ya mnada, na kila asubuhi mikono ilimuwasha kwa kutaka kuokota kitu. Nyuma ya nyumba yetu kuna bustani ya umma yenye mialoni mikubwa, na chini yake yametapakaa matunda yake, madogo, magumu, ya kahawia, kila moja na kofia yake. Mama aliyaona, akarudi kuchukua ndoo.

Sijapata kuona pambo lililoandaliwa kwa utaalamu kiasi kile. Aliyaanika juani kwenye mkeka barazani. Aliyapindua mchana. Jioni aliyaingiza yasipate umande. Kisha akayachambua: daraja la kwanza kushoto, daraja la pili kulia, kofia zilizovunjika pembeni. Wapita njia walisimama kumsalimu, na mama aliwajibu kwa Kiswahili, na walionekana kuelewa. Mke wangu akalijaza daraja la kwanza kwenye bakuli kubwa la kioo, akaliweka katikati ya meza ya chakula. Kwa kweli lilipendeza.

Jumapili tukaalika watu: familia moja ya Kikongo kutoka Bukavu, mzee mmoja wa Mombasa na mkewe. Pilau ikapakuliwa. Mtoto wa wageni wetu ndiye aliyeona kwanza, maana yeye peke yake hakuwa anaongea. Kwenye tunda moja lililogusa kioo palikuwa na kitundu kisichozidi ncha ya kalamu ya wino. Kutoka humo kilichomoza kichwa cha rangi ya chungwa. Kikatazama. Halafu mwili mweupe, mnene kuliko kitundu chenyewe, ukaanza kujikamua, pingili baada ya pingili, ukipumzika katikati, mpaka funza mzima akaangukia ndani ya bakuli, akajikunja, akajinyoosha. Kabla hatujasema lolote akatokea wa pili, kisha wa juu kabisa, aliyedondoka kwenye kitambaa cha meza na kushika njia ya kuelekea kwenye kachumbari.

Huyo ni mtoto wa fukusi. Mama yake ana pua ndefu nyembamba ambayo hulitoboa nayo tunda likiwa bado mtini, akataga ndani. Funza analila tunda kutokea moyoni, akisubiri lianguke. Likishaanguka anajua safari imekwisha, anatoboa na kutoka ili ajifukie ardhini. Bakuli letu, kwa hesabu zake, lilikuwa ardhi.

Mkewe mzee wa Mombasa alisukuma kiti nyuma taratibu, kwa adabu zote za pwani. Mkongo wetu akamchukua yule funza kiganjani, akamgeuza upande huu na ule, akasema kwao Kongo wako wakubwa kuliko hawa, wa kwenye michikichi, na wana bei. Akamrudisha mezani. Mama ndiye aliyeumia. Heshima ya mkulima wa korosho ilikuwa imeguswa mbele za watu.

"Hayo si daraja la kwanza," alisema. "Kuna mtu kayachanganya."

Dawa yake, mke wangu alikuja kujua baadaye, ni kuyaweka matunda kwenye oveni ya moto mdogo kwa muda wa saa moja au zaidi kabla ya kuyapamba. Ujuzi huo aliuhamishia kwenye koni za misonobari, zilizokuwa zimeloa mvua na kujifumba. Ni kweli zinafumbuka zikikauka. Zinafumbuka kwa mlio, tak, tak, tak, na utomvu wake unayeyuka, unadondoka chini ya oveni na kutoa moshi. Mama aliposikia mlio alijua ni bisi, akaenda kufungua. Kilichofuata kilikuwa king'ora.

Majani yenyewe yalitusumbua kidogo tu. Jani jekundu ukiliweka mezani bila kulifanya kitu, siku chache linajikunja na kuwa makombo. Kuna wanaoloweka matawi kwenye glisirini na maji, na kuna wanaopiga pasi majani katikati ya karatasi mbili za nta. Sisi tulikuwa wa pasi. Nta ilihamia kwenye suruali yangu ya kazi. Binti yetu wa darasa la nne alimweleza bibi yake sayansi yake: kwamba siku zikifupika mti unaacha kutengeneza ile rangi ya kijani, njano iliyokuwa imejificha chini yake inajitokeza, nyekundu inatengenezwa wakati huo huo, halafu mti unajenga ukuta mdogo kwenye kikonyo na kulikata jani. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mti wenyewe umeyatupa," alisema, "sisi ndiyo tunayaokota."

Ila shada! Mke wangu alitaka la rangi moja, nyekundu tupu, na kwenye uzio wa ile bustani palikuwa na mtambaazi mwekundu kuliko chochote mtaani. Majani matatu matatu, yanang'aa, na vitunda vyeupe vya kupendeza. Alikata mwingi, akausuka kwenye waya, akaupigilia kwa gundi ya moto. Kwa ajili ya hiyo gundi alikuwa amevaa glavu nzito hadi kwenye viwiko. Kazi ya kulitundika mlangoni alinipa mimi, kwa kuwa mimi ni mrefu. Nililikumbatia, nikalipandisha, nikaambiwa limepinda, nikalishusha, nikalikumbatia tena.

Usiku uliofuata nikiwa kazini mikono ilianza kuwasha. Nilidhani ni sabuni. Baada ya siku moja zaidi ilikuwa na mistari ya malengelenge kutoka kiganjani hadi kwapani, na shavu la kushoto limevimba. Nilikuwa nimekaa jikoni nimeinyoosha mikono mezani, mama akapita na kikombe, akarudi, akavaa miwani.

"Baba," akauliza, "umebangua korosho wapi?"

Nikamwambia korosho hizo ningezipata wapi mimi. Hakuridhika. Alizijua alama zile. Anayebangua korosho kwa mkono asijipake majivu au mafuta kwanza, yale mafuta ya ganda humchoma hivyo hivyo, na mama amewaona watu wenye mikono hiyo tangu utotoni. Alinitazama kama mtu anayefanya biashara ya magendo nyuma ya mgongo wa chama cha msingi cha ushirika.

Mfamasia aliniuliza swali moja tu: mna kitu chochote chekundu mlangoni? Akanionyesha picha, na picha ilikuwa shada letu. Mmea ule una mafuta yanayowasha hata ukiwa umekauka, na yanabaki kwenye kitasa, kwenye ufunguo, kwenye usukani, mpaka mtu ayasugue kwa sabuni. Halafu, kwa kuwa aliona namfasiria mama, akaongeza kwamba mmea huo ni wa ukoo mmoja na mkorosho. Na mwembe pia, ndiyo maana wapo watu wanaowashwa midomo na maganda ya embe.

Nilipofasiri hayo mama alikaa kitako kwenye kiti cha wagonjwa akacheka hadi akafuta machozi kwa pindo la kanga. Amevuka bahari, kapanda ndege tatu, akidhani mikorosho ameiacha nyuma kwa watoto wa dada yake. Kumbe imemtangulia, imemsubiri mlangoni.

Alitaka tulichome lile shada uwanjani. Mfamasia akaruka: moshi wake unaunguza mapafu. Basi likatiwa kwenye mfuko wa plastiki na kupelekwa jalalani, likibebwa na mke wangu, mwenye glavu.

Yakabaki maboga. Kindi walikuwa wameshaanza kuyatafuna, na mama akayapaka pilipili ya kusaga, ikasaidia hadi mvua iliyofuata. Halafu akaona ni upuuzi kumnyima kindi kitu ambacho hata sisi hatukili. Alilibeba lililo kubwa kuliko yote, akalipika kwa nazi, sukari na iliki. Maboga ya mlangoni yamezalishwa yawe makubwa na ya mviringo, yachongeke. Utamu haukuwemo kwenye mpango. Tulipata mchuzi wa rangi ya chungwa wenye nyuzi. Mama alionja, akaweka kijiko chini. "Boga hili limelelewa kwa sura," alisema. Yale madogo yenye vinundu, ya pambo tupu, aliyaonja kwa ncha ya ulimi na kutema papo hapo, na alifanya vema, kwa kuwa uchungu wake ni sumu inayoweza kumlaza mtu kwa tumbo. Maganda, mbegu na mabaki yote akayatupa nyuma ya banda. Machi akarudi Newala.

Mwezi wa sita nyuma ya banda pakaota msitu. Hakuna aliyepanda. Mashina yametambaa hadi kwenye uzio wa jirani, majani mapana, machanga, yenye vinyweleo, na maua ya njano. Nilimpigia mama kwa video, nikamwonyesha. Akaniambia nisogeze simu karibu. Nisogeze tena. Kisha akaanza kuamuru: chuma zile ncha, tatu kutoka mwisho, vunja kikonyo uvute nyuzi zitoke na ngozi yake, katakata, nazi ya kwanza usiweke mapema. Alikuwa ameshafika kwenye karanga mke wangu alipoipokea simu.

Mke wangu hataki majani yachumwe. Amehesabu maua. Kila ua jike kwake ni boga la bure la Oktoba, na mmea ukichumwa ncha, anasema, hauzai vizuri. Mama anasema usipochumwa ncha ndiyo hauzai. Mjadala huo umefika mwezi wa pili sasa, unaendeshwa kwa sauti za WhatsApp za dakika nne nne, nami naombwa na kila upande nitoe uamuzi. Nimechuma fungu moja, usiku, nikarudi kazini nalo kwenye kontena la chakula. Kindi wamelaumiwa.