Sare ya Mombasa

Ukitaka kumtambua mtu wa Nakuru akiwa ufuoni Mombasa, usihangaike na lafudhi. Tazama nguo. Kuna anayeingia majini na jinzi aliyoikunja hadi magotini, kuna aliyejifunga sweta kiunoni eti jioni huenda kukawa na baridi, na kuna mzee aliyeketi chini ya mnazi amefunga vifungo vyote hadi cha shingo, wajukuu wakimpepea kwa gazeti.

Tusilaumiwe sana. Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na safari ya Disemba sisi huipanga Julai, mwezi wa marvin na shuka mabegani. Mtu aliyevaa sweta mbili ukimuuliza atavaa nini kwenye joto, atakujibu kwa adabu tu, lakini mwili wake hauamini hilo swali. Atachagua kitu anachokiona chepesi, na chepesi kwake ni chochote kilicho chepesi kuliko blanketi.

Ndivyo chama chetu kilivyopata sare. Tulikutana kwa mwenyekiti, mtaa wa Section 58, Julai, mlango umefungwa na jiko la makaa likiwa katikati yetu. Mimi nilipendekeza kila mtu avae anachopenda. Katibu aliandika daftarini kwamba pendekezo langu limesikika. Kisha kikaletwa kitambaa cha rangi ya damu ya mzee, kizito, kinachometameta, na aliyekileta akatamka maneno yaliyomaliza mjadala: "Hiki hakihitaji pasi."

Hapo ndipo ningemshika mkono mnunuzi yeyote. Finya kitambaa ngumini, hesabu hadi kumi, kisha ukiachie. Pamba itatoka imekunjamana. Kitani kitakunjamana hata ukikitazama vibaya. Kitakachotoka kimenyooka kana kwamba hakuna lililotokea, hicho mara nyingi ni polista, na polista hainywi jasho. Nakuru hutalijua hilo, maana hewa yetu ni kavu na jasho lenyewe ni la nadra. Pwani hewa imeshashiba unyevu tayari, jasho halikauki upesi, kwa hiyo linabaki baina yako na nguo likisubiri uamuzi wako.

Sikunyamaza. Nilichomoa uzi kwenye pindo nikauwasha kiberiti mbele ya wanachama wote. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Ule wetu ulijikunja, ukayeyuka, ukabaki tone gumu jeusi, na chumba kikanuka kama beseni lililosahauliwa kando ya jiko. Mwenyekiti alifungua dirisha kidogo, akasema: "Dada, sisi tunaenda kuogelea, hatuendi kuchomwa." Wakapiga makofi. Fundi akapewa vipimo wiki hiyo hiyo, na kwa kuwa kulikuwa na baridi, akaongeza bitana.

Nguo za akiba kila mtu alijitafutia sokoni kwenye mitumba, na huko, nasema bila aibu, ndiko kwenye nguo bora za joto kwa mfuko wetu. Mwaka 2016 marais wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba ikomeshwe kufikia 2019. Marekani ikatikisa AGOA, sheria yake ya biashara na Afrika, Kenya ikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ikapoteza nafasi ya kuuza nguo zake huko bila ushuru. Wenye viwanda wana kilio chao, nami nakisikia. Lakini shati la kitani ambalo mtalii hununua kwa maelfu dukani, mimi hulipata sokoni kwa bei ya kilo chache za sukari, mradi nifike mapema belo likifunguliwa. Za kwanza kutoka ni kamera: safi, hazijachuja, mshono mzima. Ukichelewa unakuta fagia, yaani mabaki, na kelele za muuzaji huwa kubwa zaidi kwenye fagia.

Kijana wa katibu alifika kwenye fagia, tena saa moja jioni. Akajipatia suruali nyeupe ya kitani, nyepesi ajabu, akaikunja kwa furaha. Nguo nyeupe huinunui gizani. Unaiinua juani, unaingiza mkono ndani, na ukiona vidole vyako vyote vitano unairudisha taratibu.

Basi liliondoka Nakuru jioni, sare zimevaliwa tayari kwa sababu ya picha. Barabara ile kabla ya kushuka Pwani hupanda kwanza hadi Limuru, zaidi ya mita 2,200, na kwenye ukungu ule kila mtu aliisifu sare. Mimi pia nilikuwa nimejikunyata ndani yake. Mtito Andei kifungo cha kwanza kikafunguliwa. Mariakani kulipopambazuka, watu walikuwa wakigombania madirisha. Tuliposhuka Mombasa, mgongoni mwa mwenyekiti chumvi ilikuwa imechora ramani nyeupe, na bitana ya fundi ilikuwa imemng'ang'ania.

Baba mdogo, tuliyempeleka kama mlinzi wa mizigo, ndiye aliyekuwa na suti ya Kaunda. Spika Wetang'ula aliipiga marufuku Bungeni mwishoni mwa 2023, lakini baba mdogo alisema marufuku ile haikutaja bahari. Akaivaa hadi ufuo wa Jomo Kenyatta, ule ambao makondakta huuita Pirates. Huko huko wimbi la kwanza lilimpiga kijana wa katibu kiunoni, na ufuo mzima ukasoma maandishi ya chupi yake.

Kesho yake asubuhi, bila kikao wala daftari, chama kizima kilijikuta Mtaa wa Biashara. Mtaa huo umevalisha watu kwa vizazi: duka lenye leso za "Mali ya Abdulla" lipo tangu 1887. Mzee mmoja mwenye kofia alimtazama mwenyekiti kuanzia shingoni hadi miguuni, akasema: "Mwanangu, vua hiyo kwanza, ndipo tuzungumze bei."

Tulinunua madera, mapana, yasiyogusa mwili ila mabegani. Baba mdogo alinunua kikoi cha pamba akajifunga kiunoni, na tangu hapo hakuonekana tena kwenye mizigo. Leso zilichukua muda, kwa kuwa katibu alisoma jina la kila moja kabla ya kushika kitambaa. Leso ikibeba kijembe, huwezi kurudi nayo kwa mama mkwe Njoro. Mzee akatukumbusha kwamba leso mpya huwa na gundi na rangi yake hutoka, kwa hiyo ifuliwe peke yake, kwa maji baridi, kabla ya kuvaliwa.

Mkutano wa Julai umekaribia tena, na nimesikia kuna kitambaa kingine, cha kijani safari hii. Nawaomba wanachama: pesa za sare zibaki kwenye mfuko, kila mtu asafiri na nguo ya basini na begi lenye nafasi, tununue huko huko. Na anayetaka lazima picha ya sare, tuipigie Kinungi, tukiwa bado kwenye baridi ya njiani.